Binti wa Muleba Aliitwa Mwizi, Kumbe Aliyekula Alikuwa Ndani ya Kompyuta

Muleba, ukitaka habari ifike haraka usiipe bodaboda. Mnong'oneze mtu mmoja kwenye foleni ya mizani ya kahawa, halafu nenda kaoge. Ukitoka bafuni utaikuta imeshafika Kamachumu, tena imeongezwa chumvi.

Ndicho kilichomkuta binti mmoja wa miaka 24, karani wa chama cha msingi cha wakulima, hizi AMCOS unazozisikia kila msimu. Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza: gunia linapanda kwenye mizani, yeye anaingiza jina na kilo kwenye kompyuta, mkulima anapewa risiti, malipo yanafuata ile rekodi. Basi. Ila msimu ulipochanganya, kompyuta ikaanza kuzingua. Inaganda katikati ya foleni, mshale hausogei, watu wamesimama juani na magunia yao. Ikizimwa na kuwashwa upya inarudi freshi kabisa, lakini rekodi chache za mwisho hazimo.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanzia. Mkulima ana karatasi mkononi inasema kilo 212. Mashine inasema hajaleta hata punje. Gunia lake lipo stoo, halina mwenyewe. Na gunia la kahawa lisilo na mwenyewe, kuna watu wanajua pa kulipeleka usiku.

Wiki ya kwanza watu walilaumu mashine. Wiki ya pili wakalaumu umeme. Wiki ya tatu wakaanza kumwangalia binti. Nani ana funguo? Yeye. Nani anajua neno la siri? Yeye. Na mbona juzi kasuka nywele mpya? Kijijini ushahidi wa nywele unatosha kabisa.

Kamati ikampa siku 14. Aeleze risiti zimepotelea wapi, la sivyo akabidhi funguo na jambo liende polisi.

Kama hujakulia Kagera unaweza kuona hii ni drama ndogo ya ofisini. Siyo. Rekodi ikipotea, malipo yanasimama. Malipo yakisimama na ada ya shule inadaiwa, mkulima anageukia butura. Butura ni kuuza kahawa ikiwa bado juu ya mti, wakati mwingine ikiwa bado ni maua, kwa mtu mwenye pesa taslimu na haraka ya kukulalia. Serikali imeipiga marufuku, lakini njaa haisomi tangazo. Ukiuza kwa butura, msimu ujao utavuna kwa jasho lako na kumpelekea mwingine. Kwa hiyo kila siku ambayo ile mashine iliganda, kuna mtu kwenye foleni alikuwa anapiga hesabu ya kuuza maua yake.

Fundi wa Hamugembe

Mwenyekiti wa chama akapiga simu Bukoba, kwa jamaa mmoja mwenye fremu ndogo Hamugembe. Jamaa anatengeneza simu na laptopu, anaweka programu, anafufua fleshi zilizokufa. Kalelewa na bibi yake hukohuko Muleba, kwa hiyo neno butura analijua kwa maumivu, si kwa kusoma. Mambo ya Linux kajifunza mwenyewe usiku, kwa bando la usiku, kama vijana wengi.

Akapanda Hiace asubuhi, akafika, akapokewa kwa heshima zote, akapewa akamwani atafune. Wazee wakamwambia kwa upole kwamba hawahitaji maneno mengi, wanataka tu aseme kama rekodi zinaweza kufutwa na mtu. Unaona swali lilivyo. Jibu walishakuwa nalo, walikuwa wanatafuta saini.

Jamaa akaikagua. Kompyuta ya kawaida, RAM ya GB 4. Fundi aliyepita alikuta GB 2 akaongeza mbili, na tatizo halikufa, lilichelewa tu kufika. Hiyo peke yake ilikuwa dalili. Gari likiishiwa mafuta kila siku na wewe ukaliwekea tenki kubwa, hujaziba tundu.

Alipokuwa anajiandaa kuondoka, binti akamfuata nje.

"Kaka, samahani. Sijui kama itakusaidia."

Akampa daftari. Kaunta buku ya kawaida, imefunikwa kwa gazeti. Ndani alikuwa ameandika kila kitu tangu siku ya kwanza: tarehe, saa mashine ilipoganda, risiti ya mwisho ilikuwa ya nani, umeme ulikuwepo au haukuwepo, na magunia mangapi yalikuwa stoo siku ile. Kamati ililiona hilo daftari na kulipuuza, wakisema mtu anaweza kukaa usiku akaandika anachotaka.

Jamaa alilisoma kwenye Hiace wakati wa kurudi, amebanwa dirishani na mama mwenye mkungu wa ndizi. Kabla hawajafika Kemondo alikuwa ameshaona kitu ambacho hakikuwa na maana. Stoo ikiwa na magunia 40, mashine inakaa karibu wiki tatu bila kuganda. Magunia yakifika 300, inaganda kila siku ya nne. Idadi ya watu kwenye foleni haikufuata mpangilio huo. Umeme pia. Magunia tu.

Sasa kompyuta inajuaje kuwa stoo imejaa?

Kerneli ni mtunza stoo

Hapa inabidi kueleza kidogo, na mfano mzuri upo palepale stoo.

Chama kina magunia matupu ya kuazimisha. Mkulima anakuja, anachukua gunia, mtunza stoo anaandika. Akimaliza kazi anarudisha, anafutiwa. Kompyuta nayo ina mtunza stoo wake. Anaitwa kerneli, kiini cha mfumo mzima. Kila programu ikitaka sehemu kwenye RAM inamwomba yeye, naye anagawa na kuandika nani kachukua nini. Ukifunga programu, kerneli inachukua vyote ilivyoazima hata kama yenyewe ilisahau kurudisha. Ndiyo maana simu yako ikiwa nzito ukifunga programu inapata nafuu.

Tatizo linakuja pale anayeazima anapokuwa ni mtu wa ndani, yaani kipande cha kerneli yenyewe. Huyo hakaguliwi mlangoni. Akichukua gunia asirudishe, hakuna wa kumfungia programu yake, maana yeye ndiye ofisi. Gunia linabaki limeandikwa lipo kazini mpaka siku mashine itakapozimwa. Kasoro ya namna hiyo watu wa kompyuta wanaiita bagi, yaani mdudu, na aina hii hasa ni uvujaji wa memori. Kinachovuja hakionekani sakafuni. Kinaonekana kwenye hesabu tu.

Jamaa alipochungulia ile mashine aliona hesabu isiyofunga. Programu zote ukizijumlisha zilikuwa zinatumia kama GB 1. Lakini RAM iliyotumika ilikuwa inaelekea GB 4. Zile nyingine ziko kwa nani? Kwenye Linux kuna faili linaitwa /proc/meminfo, na ndani yake kuna mstari wa SUnreclaim, unaoonyesha memori ambayo kerneli imejigawia yenyewe na haiwezi kuinyang'anya. Mstari huo kwa kawaida hutulia. Hapa ulikuwa unapanda kila dakika, polepole, kama maji kwenye mtumbwi.

Halafu akasoma kumbukumbu za mfumo. Kila siku iliyokuwa kwenye daftari la binti, kerneli ilikuwa imeandika kwa mkono wake kwamba memori imekwisha na imeamua kuua programu moja ili wengine wapumue. Iliyouawa kila mara ilikuwa ileile: databesi ya rekodi za kahawa. Rekodi zilizokuwa bado hazijashuka kwenye diski zilikufa nayo.

Huu ni utaratibu halali wa Linux na una jina, OOM killer. RAM ikikauka kabisa, kerneli inazipa programu alama. Inayokalia memori nyingi zaidi kwa kawaida ndiyo inapata alama kubwa, na ndiyo inayoondoka. Haiulizi nani alisababisha. Inaangalia nani ni mkubwa, nani anaonekana. Na mvujishaji, kwa kuwa yumo ndani ya kerneli, hayumo hata kwenye orodha ya watuhumiwa.

Kwa hiyo databesi haikuiba chochote. Ilikuwa imebeba kazi ya wote, ndiyo maana ikaonekana mnene.

Soma tena sentensi hiyo ukimfikiria yule binti mwenye funguo.

Kinga siyo tiba

Kuna ujanja wa haraka. Linux inakuruhusu kuiwekea programu kinga kwa namba inayoitwa oom_score_adj, inayoanzia hasi 1000 hadi 1000. Ukiipa programu hasi 1000, OOM killer haiigusi. Jamaa akaipa databesi kinga hiyo. Siku ya tatu kerneli ikaua programu ya kuchapa risiti, ikaua nyingine, ikakosa wa kuua, mashine ikaganda vibaya kuliko mwanzo. Ukimlinda mmoja na tundu lipo palepale, unachagua tu nani afe badala yake.

Akarudi kwenye magunia. Akampigia binti akamwomba asimame mlangoni mwa stoo, amweleze kila kitu kilipo. Binti akaeleza: meza, mizani, kompyuta, halafu magunia yamepangwa hadi karibu na dari, halafu ukuta, halafu ofisi ya mwenyekiti yenye rauta ya intaneti.

Jamaa akacheka peke yake kwenye fremu.

Kompyuta ilikuwa inapata intaneti kwa kidude cha waifai kilichochomekwa nyuma, vile vya bei chee visivyo na jina. Stoo ikiwa tupu, mawimbi yanapita vizuri. Stoo ikijaa, yanatakiwa kupenya ukuta wa kahawa. Data inatumwa, inafeli, inatumwa tena, inafeli tena. Kama kila ikifeli kuna kipande cha memori hakirudishwi, basi msimu ukiwa mzuri ndipo mashine inakufa haraka. Hesabu ikakubali: kipande kimoja kilikuwa kilobaiti 2. Zikifeli mara tano kwa sekunde, kwa siku nzima unapoteza zaidi ya megabaiti 800. GB 3 zilizobaki zinakwisha siku ya nne.

Siku ya nne. Kama ilivyoandikwa kwenye kaunta buku.

Hapa mtu anaweza kusema, si angechomoa tu kidude akavuta waya? Angeweza, na mashine ingetulia siku hiyohiyo. Lakini fikiria wangesema nini kwenye foleni. Wangesema mwizi kaacha kuiba kwa sababu kaona fundi amekuja. Mashine ingepona na binti angebaki na jina lake. Jamaa alitaka mstari wenyewe, ule unaokula.

Mstari wenyewe

Kila kifaa kwenye kompyuta kina draiva wake, kipande cha programu kinachojua kukiendesha, na kwenye Linux draiva anakaa ndani ya kerneli. Uzuri wa Linux ni kwamba msimbo wake uko wazi. Tangu Linus Torvalds alipoitoa mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, imekua kwa watu kusoma kazi za wenzao na kurekebisha. Huhitaji kuwa California. Kijana wa Hamugembe mwenye bando anafungua mstari uleule anaoufungua mhandisi wa kampuni kubwa.

Jamaa akaazima kile kidude, binti akabaki anaandika kwa mkono. Akakifunga kwa karatasi ya aluminiamu, ile ya kufungia nyama choma, ili mawimbi yateseke kama yanavyoteseka stoo. Akawasha kmemleak, chombo kilichoingizwa kwenye Linux mwaka 2009 kwa kazi hii hasa. Kinapita kwenye memori kila baada ya dakika 10 kutafuta vipande vilivyoazimwa ambavyo hakuna tena anayevishika, na kinakuonyesha ni nani aliviazima. Baada ya robo saa kikatoa orodha. Majina yote yalielekea sehemu moja ndani ya draiva wa waifai, kwenye kazi ya kutuma data.

Pale msimbo ulikuwa unasema hivi: azima kipande, weka data, tuma. Ikifika salama, rudisha kipande. Ikifeli, andika kuwa imefeli, toka. Hakuna mahali paliposema rudisha kipande kabla ya kutoka. Aliyeandika aliifikiria safari ya kwenda vizuri, ya kufeli akaipita haraka.

Jamaa akarekebisha akiwa na furaha ya saa nane usiku, akaweka "rudisha" kila mahali alipoona pa kuweka. Akawasha. Mashine ikaanguka ndani ya dakika moja.

Kumbe kwenye njia nyingine za kufeli, sehemu ya juu ilikuwa tayari inarudisha kipande kilekile. Sasa kikawa kinarudishwa mara mbili. Rudi stoo uelewe hatari yake: ukirudisha gunia moja mara mbili, kitabu cha mtunza stoo kinasema ana mawili. Analigawa kwa wakulima wawili, kila mmoja anamimina kahawa yake humo, na kuanzia hapo hakuna tena wa kujua ipi ya nani. Uvujaji unaua polepole. Huku kurudisha mara mbili kunavuruga kila kitu papo hapo.

Alikaa anaangalia kioo. Siku zilibaki tano.

Kilichomtuliza ni stori moja wanayoijua wote wanaochezea kerneli, ya mdudu aliyeitwa Dirty COW, ukipenda Ng'ombe Mchafu. Alitangazwa tarehe 19 Oktoba 2016, wakati Bukoba bado inaokota matofali ya lile tetemeko la Septemba 10. Naye alikuwa mdudu wa memori. Programu mbili zinaweza kushirikiana ukurasa mmoja wa kusoma, na anayetaka kuandika lazima kwanza apewe nakala yake mwenyewe. Lakini ukiharakisha hatua mbili zigongane kwa wakati mmoja, ulikuwa unaweza kuandika juu ya nakala ya asili usiyoruhusiwa kuigusa, na kutoka hapo ukajifanya bosi wa mashine nzima. Simu za Android nazo zilikuwemo, maana ndani yake mna Linux.

Aliyeandika dawa ni Torvalds mwenyewe, na kwenye maelezo yake akasema wazi kuwa mdudu huyo aliwahi kujaribu kumrekebisha miaka 11 nyuma, akafanya vibaya, na marekebisho yale yakaja kuondolewa kwa sababu yalileta shida kwenye aina fulani ya mashine kubwa za IBM. Miaka 11. Na bado, mwaka 2017 ikagundulika kuwa dawa ya 2016 nayo iliacha upenyo kwenye kurasa kubwa za memori, ikabidi irekebishwe tena.

Kama mwenye nyumba anakosea mlango wa nyumba yake, fundi wa Hamugembe ni nani asikosee mara moja? Akafuta kila alichoongeza. Akafuata njia moja moja ya kufeli na kalamu mkononi, akiuliza swali moja kila hatua: kufikia hapa, nani anadaiwa gunia? Njia sita. Tano zilikuwa salama. Ya sita ilikuwa haina mtu. Akaweka mstari mmoja pale, pale tu.

Akafunga tena aluminiamu, akaiacha siku mbili. Mstari wa SUnreclaim ulitulia kama Ziwa Victoria asubuhi pasipo na upepo.

Siku ya kamati

Siku ya kikao hakupeleka laptopu mbele. Aliomba magunia matupu kumi na mtu wa kumsaidia. Akaigiza. Gunia linatoka, linarudi. Linatoka, linarudi. Halafu likatoka moja, msaidizi akalificha nyuma ya mlango, na kitabu kikabaki kinadai. Wazee wakafuatilia kimya, mpaka magunia yakaisha na jamaa akamnyang'anya gunia mkulima aliyekuwa na mengi kuliko wote.

"Sasa huyu kakosa nini?" mzee mmoja akauliza.

"Hajakosa kitu, mzee wangu. Ameonekana tu."

Kukawa kimya. Akaendelea kwa adabu, macho chini, "Waitu, mnisamehe. Mashine ilikuwa inamuadhibu aliyebeba kazi. Aliyechukua bila kurudisha hakuwa kwenye orodha."

Mwenyekiti akauliza aliyechukua ni nani. Jamaa akaweka kile kidude mezani, kidogo kuliko kidole gumba. Kuna aliyecheka, halafu wote wakacheka, halafu wakaacha kwa sababu binti alikuwa amekaa kwenye kona na yeye hakuwa anacheka.

Ndipo daftari likafunguliwa kwa heshima yake. Risiti zilizopotea kwenye mashine zilikuwa 31. Zote 31 zilikuwemo kwenye kaunta buku, kwa jina na kilo. Magunia yasiyo na mwenyewe yakahesabiwa stoo mbele ya mashahidi, yakapimwa upya. Hakuna lililopungua.

Usitegemee kuwa kamati ilisimama ikaomba radhi hadharani. Wazee wana namna yao. Jioni ile mkungu mkubwa wa ndizi ulifika nyumbani kwa kina binti, umebebwa na mtoto wa mwenyekiti, bila barua. Mama yake akaupokea, akaupika, hakusema kitu. Kwenye foleni nako maneno yalibadilika, ila polepole. Uongo ulienda kwa Hiace, ukweli ukarudi kwa miguu.

Na siyo kila kitu kilirudi. Mama mmoja mjane kati ya wale 31 alikuwa ameshauza maua yake wiki mbili kabla, ili mtoto asirudishwe shule. Kilo zake zikapatikana, akalipwa yote, lakini butura haina kurudisha. Msimu unaofuata miti yake itazaa kwa ajili ya mtu mwingine. Mstari mmoja uliokosekana kwenye msimbo wa mtu asiyeijua Kagera hata kwenye ramani ulimfikia mpaka shambani.

Jambo la mwisho watu wengi hawalijui. Ukirekebisha kitu kwenye kerneli na kukituma kwa wanaotunza msimbo, kuna utaratibu wa kuandika majina chini. Anayetuma anaweka saini yake. Halafu kuna mstari mwingine unaoanza na Reported-by, na hapo anaandikwa mtu aliyeliona tatizo na kulitolea taarifa. Jina hilo halifutwi. Linakaa kwenye historia ya msimbo kwa yeyote atakayeufungua.

Jamaa alimpigia binti kumwomba ruhusa, maana ni jina lake na barua pepe yake vitakavyoonekana dunia nzima.

"Kaka, mimi nimeandika daftari tu."

"Dada, bila daftari mimi ningeongeza RAM nikala nauli."

Binti akakaa kimya kidogo. Halafu akasema aandike majina yote matatu, la kwake, la baba na la babu, na asikosee herufi.

Majibu yalichukua wiki tatu, maneno machache tu ya kushukuru na kukubali. Msimu ulifungwa stoo ikiwa imejaa hadi kwenye kenchi, na mashine haikuganda tena hata siku moja. Binti bado ni karani. Na kaunta buku bado anaijaza kila jioni, ingawa sasa hakuna anayemwambia aandike wala anayemwambia anapoteza muda.

Kwako wewe: kazini, nyumbani au kwenye kikundi, nani anasukumiwa lawama kwa sababu tu yeye ndiye anayeonekana? Tiririka hapo chini, ila majina ya watu yaache.